Kila mashine ya gemu ina ugonjwa wake: ujue kabla hujaweka mtaji



Wiki hii inbox imejaa swali moja: "Kaka, nataka kuanza kuuza mashine za gemu used. PlayStation na Xbox, ipi haiharibiki?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote hapa. Ni ndefu kidogo, ila soma mpaka mwisho. Mimi somo hili nililipia hela.

Mwaka 2014 nilikuwa nauza simu na vifaa vyake mtandaoni. Kijana mmoja akaniletea PS3 tatu, zile nene za mwanzo, laki mbili na ishirini kila moja. Zote ziliwaka mbele ya macho yangu. Picha safi, gemu tukacheza kama dakika kumi, feni haina kelele. Nikalipa 660,000, na huo ndo ulikuwa karibu mtaji wangu wote. Ndani ya siku nne nikawa nimeziuza zote, laki tatu kila moja. Faida 240,000. Nikajiona mjanja wa mjini.

Baada ya wiki mbili mteja wa kwanza akapiga simu: "Kaka, imewaka taa ya njano kidogo, halafu nyekundu inapepesa, haitaki tena." Siku nne mbele, wa pili. Ya tatu ilijitahidi ikafika mwezi. Nikapeleka moja kwa fundi, akaifungua, akacheka. Akanionyesha bodi ilivyobadilika rangi. "Hii ilishakufa, wakaichoma moto ikafufuka. Ikifufuliwa hivyo haina maisha."

Wawili niliwarudishia hela kwa awamu, wa tatu nikampa simu. Faida ikaondoka, mtaji ukaondoka, na mmoja akaniandika kwenye grupu kwamba mimi ni tapeli. Hilo ndo liliniuma kuliko hela.

Ukweli ni kwamba kijana yule hakusema uongo. Alisema mashine inawaka, na iliwaka. Mimi ndo sikujua swali la kuuliza. Nilinunua jina la PS3, sikujua kwamba lile toleo lina ugonjwa wake maalumu, na dalili zake zinajulikana dunia nzima.

Ndo maana swali la "PlayStation au Xbox" huwa silijibu. Jina linabaki lile lile, ila ndani kampuni inabadilisha bodi, feni na chip kila baada ya mwaka au miwili. Toleo moja bovu, linalofuata zima. Wewe usinunue jina, nunua TOLEO.

NAMBA ZINASEMAJE

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani inayouza dhamana za vifaa, SquareTrade, ilitoa takwimu za mashine ilizokuwa imezidhamini. Ndani ya miaka 2, Xbox 360 zilizoharibika zilikuwa 23.7%, PS3 zilikuwa 10%, na Nintendo Wii 2.7% tu. Mashine za wakati mmoja, zinashindana soko moja, lakini moja inaharibika karibu mara tisa ya nyingine.

Sasa ilete kwenye biashara yako. Tuseme unanunua mashine kwa 240,000 na kuuza 300,000. Faida yako ni 60,000 kwa kila moja. Umeuza nne, moja ikafa mkononi mwa mteja ukarudisha hela yake. Tatu zimekupa 180,000. Hiyo iliyokufa imekula 240,000 uliyonunulia. Jumla umepoteza 60,000. Umepiga picha, umejibu meseji usiku, umelipa bodaboda, halafu umelipa na hela juu. Moja tu kati ya nne!

KWA NINI ZINAKUFA

Mambo makubwa ni manne, na ukiyashika haya hata mashine mpya itakayotoka kesho utaijua pa kuikagua.

Moja, joto. Chip inachemka ukicheza, inapoa ukizima. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa. Kufanya hivyo mara elfu na kitu, viungio vidogo vinapasuka.

Mbili, vitu vinavyosogea: feni, lenzi ya kusoma diski, vijiti vya padi. Kinachosogea kinasagika.

Tatu, matundu ya kuchomeka. HDMI na chaja zinachomekwa na kuvutwa kila siku, na mtoto akipita akajikwaa kwenye waya, tundu linang'oka.

Nne, mazingira. Hapa kwetu vumbi, umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, na sisi wa pwani tuna upepo wa chumvi unaokula chuma taratibu.

Haya, sasa twende mashine moja moja.

PS1 NA PS2

Waliokua miaka ya tisini mwishoni wanakumbuka kugeuza PS1 chini juu ndo isome. Haikuwa uchawi. Kwenye matoleo ya mwanzo, kitanda cha lenzi kilikuwa cha plastiki, kikasagika na lenzi ikainama. Ukiigeuza, uzito unahama, inasoma. Matoleo ya baadaye Sony walirekebisha.

PS2 ilitoka 2000 na imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Vibanda vingi vya gemu mitaani vimeishi kwa hiyo. Ugonjwa wake ni lenzi kuchoka na kuanza kukataa diski. Ukinunua PS2 leo ijaribu na diski mbili au tatu tofauti, maana inaweza kusoma moja na kugomea nyingine. Pia kumbuka PS2 inafuata eneo. Mashine ya Japani haisomi diski halali ya Ulaya mpaka iwe imechipiwa.

XBOX 360: TAA TATU NYEKUNDU

Hii ndo iliyotia aibu kuliko zote. Ilitoka Novemba 2005, na haikuchukua muda watu wakaanza kuona robo tatu za duara la taa mbele zinawaka nyekundu. Ikifika hapo imekufa. Julai 2007 Microsoft wakatangaza kuongeza dhamana ya tatizo hilo mpaka miaka 3, na wakatenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya matengenezo. Bilioni moja ya dola, kwa kosa la usanifu!

Chanzo ni kile kile, joto na kupoa. Miaka mingi baadaye Microsoft wenyewe walieleza kwamba viungio vilikuwa vinapasuka kwa sababu ya kuwashwa na kuzimwa. Yaani sio kwamba mtoto alicheza sana. Ni ule mzunguko wa kupata moto na kupoa.

Lakini angalia tofauti ya matoleo. Zile nyeupe za 2005 na 2006 ni hatari. Za mwishoni mwa 2008 zilikuja na bodi iliyotulia zaidi. Halafu 2010 ikatoka nyembamba, 360 S, yenye chip zilizounganishwa pamoja na upoozaji bora. Zote zinaitwa Xbox 360. Akikuletea nene nyeupe na nyembamba nyeusi kwa bei moja, huna haja ya kuuliza.

Kosa lingine la 360 ni diski. Ukiinua au kuilaza mashine wakati diski inazunguka ndani, inachorwa duara na gemu imekwisha. Mwambie mteja kabla hajabeba.

La tatu: nyingi za Marekani chaja yake imeandikwa 100-127V. Umeme wetu ni 230V. Ukichomeka utasikia mlio mmoja tu, na mteja utamlipa wewe.

PS3: TAA YA NJANO

PS3 ilitoka Novemba 2006. Zile nene za mwanzo ndo zilizoniliza. Ugonjwa ni wa familia moja na wa Xbox: chip kubwa zinachemka sana, viungio vinachoka, inawaka taa ya njano halafu inazima na nyekundu inapepesa.

Sasa sikia ujanja wa mtaani. Fundi anaipasha bodi kwa hewa ya moto, viungio vinashikana kwa muda, mashine inawaka vizuri kabisa. Inaweza kuishi siku mbili au miezi miwili. Mwenye nayo anajua, ndo maana anauza haraka na bei nzuri. Ukisikia "ilitengenezwa kidogo ila sasa ni nzima" kwa PS3 nene, weka hela mfukoni.

PS3 Slim ya 2009 ilikuja na chip ndogo zinazokula umeme kidogo, na ni mnyama tofauti kabisa. Mteja wa bei ya chini muuzie Slim utalala usingizi.

PS4: HAPA NDO BIASHARA ILIPO

PS4 ilitoka Novemba 2013, na kwa wengi wetu ndo mzigo unaotembea. Kwa ujumla ni mashine ngumu, haina janga kama la taa tatu. Lakini ina kero zake, na zinakwenda kwa namba ya modeli. Tafuta stika yenye maandishi CUH.

CUH-1000 na 1100: hizi za mwanzo kitufe cha kuwasha na cha kutoa diski ni vya kugusa tu, havibonyei. Kosa lake ni kwamba mashine inaweza kutema diski yenyewe, au kulia tii tii tii kila wakati bila mtu kugusa. CUH-1200 ikaletwa na vitufe vya kubonyeza na kero hiyo ikaisha.

CUH-2000 kwenda juu ni Slim ya 2016, inakula umeme mdogo na inatulia. Kwa mteja wa nyumbani ndo naipendekeza.

CUH-7000 ni Pro ya mwanzo. Ina nguvu, ila ikicheza gemu nzito feni inalia kama inataka kupaa. Pro ya CUH-7200 imepungua kelele. Mteja akisema "feni ya Pro yangu inapiga kelele", usikimbilie kusema imeharibika. Muulize namba, halafu uliza mara ya mwisho ilisafishwa lini na pesti ya kupozea ilibadilishwa lini.

Magonjwa ya PS4 zote ni haya. Taa ya bluu inapepesa bila kugeuka nyeupe: inaweza kuwa diski kuu, umeme, au chip yenyewe, usiinunue kwa matumaini. Tundu la HDMI: pini zinapinda, picha inakuja na kuondoka. Diski kuu: inachoka na gemu zinaganda, lakini hii isikutishe, ni ya kawaida ya inchi 2.5 na mtumiaji anaruhusiwa kubadilisha mwenyewe. Ukiikuta PS4 yenye diski kuu mbovu kwa bei ya kutupa na kila kingine kizima, hiyo ni faida.

Halafu kuna MENDE. Usicheke. PS4 ina transfoma ndani ya mwili wake, inatoa joto, na matundu ya hewa ni mapana. Mende wanapenda joto na giza. Hata mafundi wa Marekani wamelalamikia hili kwenye PS4. Mende wakifia kwenye bodi ya umeme, inapiga shoti. Mulika tochi ya simu kwenye matundu ya nyuma na unuse. Ile harufu unaijua.

Jambo la mwisho kuhusu PS4: ndani ina betri ndogo ya saa, kama ya mizani. Zamani betri hiyo ikiisha na mashine haina intaneti, gemu zilikuwa zinagoma kufunguka. Sony walirekebisha kwenye mfumo wa 9.00, Septemba 2021. Kwa hiyo ingia kwenye settings, angalia namba ya mfumo. Ikiwa chini ya hapo, muulize mwenye nayo kwa nini hajaapudeti. Mara nyingi jibu ni kwamba imechipiwa, na hiyo lazima mteja aambiwe.

XBOX ONE

Microsoft walijifunza kwa maumivu. Xbox One ya 2013 waliifanya kubwa, feni kubwa, transfoma ikawekwa nje. Haipati moto kirahisi. Kwa upande wa joto, iliwazidi wenzake.

Udhaifu wake ni mlango wa diski. Zilipotoka tu, baadhi zilikuwa zinasaga diski kwa mlio mbaya na Microsoft ikawabadilishia watu. Na hapa kuna mtego kwa muuzaji: kisoma diski cha Xbox kimefungwa na bodi yake kwa siri ya namba. Huwezi kuchukua cha mashine nyingine ukapachika, gemu hazitasoma. Fundi wa kweli anahamisha bodi ndogo ya kisoma cha zamani kwenda kwenye kipya. Ukikuta fundi hajui hilo, beba mashine yako uondoke.

Pia ukiifuta Xbox One kurudi upya, inahitaji intaneti ili ianze. Mteja wa kijijini asiye na bando utampa usumbufu. Imalizie kila kitu wewe kwako.

NINTENDO SWITCH: MASHINE NZIMA, PADI MBOVU

Switch ya Machi 2017 mwili wake ni mzuri. Aibu iko kwenye padi zake ndogo, Joy-Con. Kijiti kinaanza kusogea chenyewe, mchezaji kwenye gemu anatembea na hakuna aliyemgusa. Ndani ya kijiti kuna utepe wa kaboni unaosuguliwa na kidole cha chuma kila unapokisogeza. Kaboni ikilika, na vumbi likiingia, kipimo kinadanganya.

Marekani watu walifungua kesi 2019. Juni 2020 rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, aliomba radhi kwa usumbufu. Januari 2021 shirika la watumiaji la Ulaya, BEUC, lilipeleka malalamiko rasmi baada ya kukusanya taarifa karibu 25,000. Na tuwe wa haki: padi za PlayStation na Xbox nazo zinatumia teknolojia hiyo hiyo, zinaugua pia. Tofauti ni kwamba kijiti cha Joy-Con ni kidogo na chembamba, kinawahi kuchoka.

Kwa biashara shika hivi. Switch ya kawaida padi zinachomoka, unabadilisha. Switch Lite ya 2019 padi ni sehemu ya mwili, kijiti kikiharibika lazima mashine nzima ifunguliwe. Kwa hiyo Lite ikaguliwe mara mbili.

Betri nayo inatofautiana. HAC-001 ya mwanzo, Nintendo wanasema inakaa saa 2.5 mpaka 6.5. HAC-001(-01) ya 2019 inakaa saa 4.5 mpaka 9. Kwa nje ni pacha. Angalia stika chini: namba ikianza na XKW ni ile yenye betri nzuri, XAW ni ya mwanzo. Wauzaji wengi hawajui na wanauza bei moja. Wewe ukijua, unanunua XKW kwa bei ya XAW.

Na usiuze Switch na kituo cha kuchajia cha bei rahisi. Mwaka 2018, baada ya sasisho la mfumo la 5.0, watu waliotumia vituo visivyo vya Nintendo waliripoti mashine kufa kabisa.

PS5 NA XBOX SERIES

Zote zilitoka Novemba 2020 na ni mashine imara. Lakini bei ni kubwa, kwa hiyo kosa moja linakula mtaji wa miezi.

PS5 chip yake haipozwi kwa pesti ya kawaida, ni metali ya majimaji. Inapoza vizuri sana, ila inapitisha umeme. Fundi asiyejua akifungua na tone likakimbia kwenye bodi, kwaheri. Ndo maana PS5 iliyowahi kufunguliwa mimi inanipa wasiwasi hata kama inawaka. Angalia skrubu kama zimekwaruzwa. Kusafisha vumbi huhitaji kufika huko: ukivua jalada la pembeni kuna matundu mawili ya kukusanya vumbi, unafyonza basi.

Diski kuu ya PS5 imelehemewa kwenye bodi. Sio kama PS4. Ikifa, ni bodi. Ile nafasi ya kuongeza memori haitibu hilo. Na kisoma diski chake pia kimefungwa na bodi. Kwenye PS5 nyembamba ya 2023 kinachomoka, lakini ukikifunga mara ya kwanza kinataka intaneti.

Xbox Series S haina mlango wa diski KABISA. Hii nimeona wauzaji wanairuka kwenye tangazo, mteja anakuja na diski zake mkononi. Andika wazi. Na tundu la HDMI ndo linaloua PS5 nyingi za used, kwa hiyo usiliache bila kulijaribu.

NAMNA NINAVYOKAGUA

Tangu ile 2014 sijanunua mashine bila haya. Inachukua kama saa moja.

1. Nasema mapema: "Usiiwashe mpaka nifike." Nataka niikute ya baridi. Nikigusa ikiwa ya moto nasubiri ipoe, maana nyingine mbovu zinawaka zikishapashwa.

2. Nasoma stika: modeli, namba, na volti. Kama mashine inaonyesha namba kwenye settings, lazima ifanane na ile ya mwilini.

3. Naangalia skrubu, nanusa matundu, namulika tochi.

4. Nawasha na kuzima mara tatu.

5. Natumia diski yangu mwenyewe. Naingiza, inasoma, naitoa. Mara tatu.

6. Gemu nzito dakika 45. Sio kumi! Kumi ndo zilizoniponza. Nasikiliza feni, naangalia picha kama inaweka madoa au kuganda.

7. Natikisa waya wa HDMI kidogo sana. Picha ikikatika, bei inashuka au naondoka.

8. Padi naiweka mezani bila kuigusa. Kitu kikisogea kwenye skrini, padi ni mgonjwa. Halafu kila kitufe, na kuchaji.

9. Naunganisha hotspot ya simu yangu, naingia na akaunti yangu. Mashine iliyofungiwa na kampuni haitakubali kuingia mtandaoni, na hilo hakuna fundi anayelitibu.

10. Mwenye nayo anatoa akaunti yake na kuifuta mashine mbele yangu. Jina, kitambulisho na risiti kama anayo. Hutaki kununua mali ya wizi.

Akikataa namba 6 kwa sababu "ana haraka", hiyo haraka yake ni ya kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

NAMNA YA KUIUZA

Wengi mnaogopa kutaja kasoro kwa kudhani mteja atakimbia. Mimi naandika hivi:

"PS4 Pro CUH-7000, 1TB. Imesafishwa, pesti mpya. Modeli hii feni yake ina sauti ukicheza gemu kubwa, ni kawaida yake. Padi moja original, kijiti kizima. Imejaribiwa dakika 45, video ipo. Garantii siku 14 kwa bodi na kisoma diski. Padi, tundu lililovunjika na shoti ya umeme havimo."

Tangu nianze hivyo, wateja wanaouliza maswali ya usumbufu wamepungua, na wanaonunua hawanipigii usiku. Mtu akijua kelele ni ya kawaida, hawezi kukuita tapeli akiisikia.

Vitu vitatu vya mwisho. Weka alama yako ndogo kwenye skrubu ili ujue kama ilifunguliwa baada ya kuuza. Rekodi video ya namba ya mashine ikiwa inacheza. Na ukituma mkoani kwa basi, TOA DISKI NDANI, funga kwa sponji pande zote, padi weka mbali na kioo au mwili wa mashine. Na mwambie mteja anunue kifaa cha kulinda umeme, ni bei ndogo kuliko bodi.

Kwa hiyo ukiniuliza tena ipi haiharibiki, nitakuambia zote zinaharibika, ila kila moja inaharibikia pake. Ukipajua pale, unanunua kwa bei ya haki na unauza bila hofu.

Yule mteja wa tatu, niliyempa simu badala ya PS3? Mpaka leo ananunua kwangu. Mwaka jana alichukua Slim ya mwanawe. Kabla hajalipa aliniuliza, "Hii haijachomwa moto?" Tukacheka wote. Halafu tukaicheza dakika 45.

Save hii, utaihitaji ukiwa mbele ya muuzaji. Na wewe je, mashine gani ilishawahi kukutia hasara, na ugonjwa ulikuwa upi? Andika kwenye komenti, wenzako wasirudie.